Chandarua cha Mpunga

Juzi mdogo wangu Salumu alinipigia simu kutoka bondeni, sauti imemkauka. Alisema mpunga wake una kasoro. Shamba zima limetoa masuke na limeanza kuinama vizuri, isipokuwa sehemu moja ya mviringo karibu na dungu lake la kulindia ndege, ambako mpunga umesimama kijani kibichi, mrefu, umenona, bila hata suke moja. Ameng'oa magugu, amepunguza maji, amenyunyizia dawa aliyoshauriwa dukani, wapi. Majirani wameanza kupita pale wakitazama pembeni, na yeye mwenyewe, mtu mzima mwenye watoto wawili, anaanza kufikiri kuna aliyemfanyia.

Nilimuuliza kama kuna kitu kipya alichokiweka pale karibu na dungu. Akasema hakuna, labda taa tu, ile taa kubwa ya sola aliyoitundika kwenye nguzo ili kufukuza nguruwe pori, inayojiwasha yenyewe jua likizama na kujizima kukipambazuka.

Nilicheka mpaka nikasimamisha cherehani. Mimi ni fundi nguo hapa Masasi mjini, na wateja wawili waliokuwa wanasubiri wakanitazama kama niliyepandwa na kitu. Lakini kicheko kilipoisha nikasikia puani harufu ambayo haikuwepo mle dukani kabisa, harufu ya kaniki mbichi iliyolowa mvua ikachanganyika na tope na majani. Nikawa na miaka saba tena, nimechuchumaa nyuma ya kichuguu, nina siri.

Niseme mapema ili msije mkanilaumu. Mimi ni mtu wa kujisifu. Wenzangu wa rika langu wanajisifu kwa nyumba za bati na watoto waliofaulu. Mimi najisifu kwa mashina matano ya mpunga.

Kwetu ni juu, kwenye uwanda, upande wa Newala, katikati ya mikorosho. Kule juu korosho inakubali na muhogo unakubali, lakini maji ni ya kutafuta, na mpunga hauwezi kuota kwenye ule mchanga unaokunywa mvua hata isionekane ilikokwenda. Anayetaka wali wa jasho lake hushuka bondeni, kuelekea mto Ruvuma, akajenga kibanda na dungu, akakaa huko tangu kupanda mpaka kuvuna. Mnaokumbuka safari zile mtakumbuka sufuria kichwani, kuku waliofungwa miguu ndani ya kikapu, na mtoto anayelia kuambiwa kwamba ataachiwa fisi.

Mashamba yale ya bondeni kwetu yalifuata upande wa mama. Majaruba yetu matatu yalikuwa ya mama yake Bibi, yakawa ya Bibi, yakawa ya Mama. Nilijua hivyo tangu sijajua kuhesabu, kwa sababu Bibi alikuwa na tabia ya kuniambia nisitupe mawe mle ndani, maana nitakuja kuyaokota mwenyewe nikiwa mzee.

Mwaka ninaousema nilikuwa nianze shule. Sikuanza, kwa sababu Mama alikuwa mjamzito na ule ujauzito ulimlaza. Mvua zilipokuwa zinakaribia, wakati watu wanafunga mizigo ya kushuka bondeni, yeye alipakiwa kwenye gari kwenda hospitali ya Ndanda, na Bibi akaenda naye. Mimi nilibaki na Baba, nikila ugali uliopikwa na mwanaume. Walikaa huko zaidi ya mwezi. Mama alifanyiwa upasuaji, akapona taratibu, na siku aliporudi alikuwa na vitu vitatu vipya: mshono tumboni, mtoto wa kiume aliyenona kama kibuyu, na jina.

Hilo jina ndilo lililoniumiza. Mpaka siku ile mama yangu alikuwa Mama Zuhura. Zuhura ni mimi, na nilikuwa nikitembea naye njiani watu wakimsalimia, naona ni mimi ninayesalimiwa. Sasa kule hospitali wauguzi walimjua yule mtoto tu, wakamwita Mama Salumu. Bibi akazoea. Akalibeba jina hilo mpaka nyumbani, majirani wakalipokea, na baada ya wiki moja hapakuwa na mtu aliyekumbuka kwamba mwanamke yule alikuwa na mtoto mwingine kabla. Nilinyang'anywa mama mbele za watu na hakuna aliyeona kitu. Kila aliyesema Mama Salumu nilimgeuzia mgongo, na kwa kuwa wote walisema, nilishinda nimegeuka.

Tuliposhuka bondeni, Bibi, Mama, mimi na yule kibuyu, Baba akibaki juu na mikorosho, mpunga wa wenzetu ulikuwa umefika magotini mwa mtu mzima. Wetu ulikuwa bado umo kwenye mtungi. Mama hakuweza kuinama kwa sababu ya mshono, kwa hiyo alisimama kwenye tuta na kaniki yake nyeusi imefungwa tumboni kwa nguvu, akatuelekeza, na Bibi na mimi tukapanda. Mbegu ilikuwa ile ya Bibi, ya kienyeji, yenye kunukia. Miaka ile ilishaingia mbegu fupi, ya miezi mitatu, na watu wengine walikuwa wanaisifia, lakini Bibi alisema hawezi kula kitu chenye haraka kuliko yeye.

Sasa lazima nieleze sheria ya bonde lile, maana bila hiyo hamtaona hatari ilikuwa wapi. Adui wa mpunga ni kwelea kwelea, wale ndege wadogo wanaokuja kwa maelfu. Familia moja haiwawezi. Kwa hiyo bonde zima liliamia ndege, kuwafukuza mashambani, kwa zamu, watu wote pamoja, mashamba yote yakiwa yameiva kwa wakati mmoja, na ndege wakigawana bonde zima hasara ya kila mtu inakuwa ndogo. Mkishavuna, bonde linafunguliwa kwa mbuzi. Ole wake ambaye mpunga wake unaiva peke yake. Ndege wote humshukia yeye, na wakishiba hawaondoki, wanazoea, mwaka unaofuata wanarudi mapema na jamaa zao. Msimu uliotangulia mtu mmoja alipanda ile mbegu fupi kwa kuchelewa, ikaiva wenzake wameshafunga mizigo, na ndege wakamaliza wake wakahamia kwenye mitama. Tangu hapo ikakubaliwa kwamba mpunga unaoonekana hautawafikia wenzake ukatwe mapema, upewe mbuzi. Na shamba lililokatwa mpunga hupewa mtu mwingine msimu unaofuata, kwa sababu bonde ni dogo na watu ni wengi. Sheria haikuwa ya uonevu. Hata Mama aliikubali ilipopitishwa, ila hakujua itaanza na yeye.

Msimamizi wa bonde alikuwa Mzee Litunu, mtu mpole mwenye mabuti ya mpira na fimbo iliyochongwa alama. Fimbo ile ndiyo iliyokuwa ikipima mpunga. Aliisimamisha kwenye shamba lake, ambalo lilipakana na letu, akaweka kidole kwenye alama, kisha akaja kwetu. Wetu ulipungua viganja viwili na zaidi. Nilimwamkia shikamoo akaitikia marahaba bila kuniangalia, macho yako kwenye fimbo. Akamwambia Mama kwamba atarudi wakati mpunga wa bonde utakapoanza kubeba mimba, na kama wetu utakuwa bado nyuma, atakuja na mundu.

Jioni ile Mama hakula. Bibi alikuwa anamenya ming'oko, vile viazi vya porini, akamwacha anune kwanza, kisha akamwambia maneno ambayo nayakumbuka yote.

"Mpunga huu hauhesabu siku tangu ulipopandwa. Unahesabu usiku. Jua sasa hivi linazama kule Msumbiji. Likihama likaanza kuzama upande wa Masasi, usiku unakua, na mpunga unabeba mimba, uliowahi na uliochelewa. Ni kama unyago. Mwali mkubwa na mwali mdogo hutoka siku moja."

Mama alisema yeye anaamini, lakini Mzee Litunu hana fimbo ya kupimia usiku. Na mbegu za bondeni zimeshachanganyika, nani atamwamini mwanamke anaposema ya kwake ni ile ya zamani? Bibi akachukua mng'oko mwingine. Akaendelea kumenya.

Mimi nililala na yale maneno, na kwa akili ya miaka saba nikayaelewa hivi. Mpunga unahesabu usiku. Basi mpunga wa wenzetu, uliopandwa mwezi mzima kabla, umeshalala usiku mwingi kuliko wetu. Wetu umepungukiwa usingizi. Ndiyo maana ni mfupi. Na usingizi niliujua kazi yake, kwa sababu nilikuwa naiona kila siku: muuguzi alimwambia Mama kwamba mtoto anayelala sana ndiye anayekua, na yule kibuyu alilazwa mchana kutwa chini ya chandarua, gizani, akanenepa mbele ya macho yangu. Dawa ilikuwa wazi. Mpunga wetu ulazwe mapema, na uamshwe kwa kuchelewa, mpaka usiku wake uwafikie wa wenzake.

Chandarua cha mpunga wote sikuwa nacho. Lakini kaniki ya Mama, ambayo sasa alikuwa haifungi tena tumboni, ilikuwa imeanikwa kwenye kamba. Niliichukua. Kwenye kona ya jaruba la mwisho, nyuma ya kichuguu, mahali ambapo hakuna mtu aliyepita, nilichagua mashina matano yaliyokaa karibu karibu. Nikachomeka miti minne kwenye pembe kama kitanda cha Salumu, nikaifunga juu kwa magome ya miti, nikaitandika kaniki imekunjwa mara mbili, ikashuka mpaka chini, na pindo lake nikalikandamiza kwa mabonge ya tope. Niliingiza kichwa ndani kupima. Giza tupu. Nikaridhika.

Kila siku, kivuli cha dungu kilipogusa mfereji, jua lingali juu, nilikwenda kuulaza. Asubuhi sikuufunua mpaka umande ukauke na nimemaliza kuosha vyombo. Niliuimbia nyimbo za Salumu, ambazo yeye mwenyewe nilikuwa nimemnyima. Mpunga ulikua na mimi nikabadilisha miti mara tatu ili dari lisiuguse kichwa. Siku moja mvua ya mawe ilibomoa kila kitu, ikavunja majani mawili, nikalia peke yangu kule nyuma ya kichuguu mpaka makamasi yakanikauka usoni. Kisha nikajenga upya.

Mama alitafuta kaniki yake mpaka akachoka. Akaamua kwamba ameichukua Mama Rehema, jirani yetu wa upande wa juu, mwanamke wa watu asiye na hatia yoyote, na kwa wiki nzima akakataa hata kumuazima chumvi. Niliona dhuluma hiyo ikitendeka, nikanyamaza. Nilikuwa nimeshaamua kwamba mpunga ni mkubwa kuliko chumvi.

Bibi ndiye aliyenifuma. Nilikuja alasiri moja nikamkuta amesimama palepale, ananusa tumbaku yake, anakitazama kile kijumba cheusi. Aliniuliza ninafanya nini. Nikamwambia naulaza. Alitazama huku na huku, hata nikadhani anatafuta fimbo, kisha akasema, "Basi usikose hata siku moja. Mtoto akizoea kulala mapema ukimwachia siku moja tu, unaanza upya." Akaondoka. Hakumwambia Mama. Nilidhani wakati ule ameniamini kama mtoto anavyoamini mwenzake. Leo nadhani alielewa nilichokuwa nafanya vizuri kuliko nilivyoelewa mimi, na alitaka kuona.

Wiki zilikwenda, sikumbuki ngapi. Asubuhi moja nilipofunua niliona mashina yamevimba shingoni. Nikayabonyeza, yamejaa. Nilidhani ni ugonjwa. Siku chache baadaye suke la kwanza likatokeza, jembamba, kijani, limeshikilia viua vidogo vyeupe kama unga uliomwagika, na ile harufu, mnayoijua wenye kuijua, harufu ya wali kabla ya wali. Niliinua macho nikatazama bonde zima. Hapakuwa na suke lingine. Kwa Mzee Litunu hakuna, kwa Mama Rehema hakuna, na kwenye majaruba yetu yote yaliyobaki hakuna.

Mngedhani nilipiga mbio kumwita Mama. Nilishikwa na hofu. Niliona nimeuzidishia usingizi, nimeuzeesha mpunga kabla ya wakati wake, na sasa utakufa kama wazee wanavyokufa. Na kama ningesema, kaniki ingejulikana, na chumvi ya Mama Rehema ingejulikana. Nikaufunika tena, nikakandamiza tope, nikaendelea na nyimbo zangu kwa sauti ya chini.

Mzee Litunu alikuja kama alivyoahidi, na wanaume wawili, mmoja ana mundu begani. Akapima. Wetu ulikuwa umekua, lakini fimbo ni fimbo, bado ulipungua kiganja kizima. Mama alikuwa amembeba Salumu mgongoni. Hakulia wala hakubembeleza. Alisema mbegu ni ile ya zamani, ya mama yake, na kwamba itatoka na wenzake, amwachie wiki mbili tu. Mzee alimjibu kwa upole kwamba anamhurumia sana, lakini wiki mbili hizo zikipita na mpunga usipotoka, ndege watakuwa wamefika, na yeye atakuwa ameliuza bonde zima kwa huruma yake. "Nisamehe, Mama Salumu," akasema. Kisha akawaonyesha wale wanaume waanzie kona ya mwisho, kwenye kichuguu.

Sijui niliwapitaje. Nakumbuka tu nimesimama mbele ya kijumba changu, tope mpaka mapajani, nimetanua mikono, nawaambia wasiguse hapo, hapo pamelala. Yule mwenye mundu alidhani nimeficha kuku. Akanisogeza kwa mkono mmoja, akainua pindo la kaniki kwa ncha ya mundu.

Alibaki hivyo, ameinama, pindo liko juu. Kisha akamwita Mzee.

Mzee Litunu alikuja, akachuchumaa na mabuti yake yakalia kwenye tope. Aliyashika yale masuke moja moja. Akanusa. Akamuuliza Mama mashina haya yalipandwa lini. Mama, ambaye hakuwa ameyaona mpaka dakika ile, wala hakuwa ameiona kaniki yake, alisema yalipandwa siku moja na mengine. Mbegu moja? Mbegu moja. Mzee akatazama shamba lake mwenyewe, lililopandwa mwezi mzima kabla yetu, ambalo halikuwa na suke, na nikaona uso wake unafanya hesabu isiyokubali.

Ndipo Bibi akafika, polepole, na tumbaku yake. Alikuwa mkubwa kwa Mzee Litunu na alimwita kwa jina.

"Hayo yamepewa usiku kabla ya wenzake, Litunu. Mengine yote, yangu na yako, yalingoja jua liondoke Msumbiji. Weka fimbo chini. Pasua bua lako, kisha upasue langu."

Mmoja wa wale wanaume alivuka tuta akakata bua kwenye shamba la Mzee. Mama akakata la kwetu, mbali na kaniki, katikati ya jaruba. Aliyapasua yote mawili kwa ukucha wa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayefungua barua ya mtu mwingine. Ndani ya kila bua kulikuwa na suke changa, jeupe, laini, limelala. Aliyatoa akayalaza kwenye kiganja cha Mzee Litunu. Yalikuwa sawa. Bua la kwake lilikuwa nene na refu, letu jembamba na fupi, lakini mimba zao zilikuwa sawa kabisa, kila moja urefu wa kidole changu cha mwisho. Najua kwa sababu nilisogeza kidole changu nikapima.

Mzee aliyageuza kwa ncha ya kidole. Halafu aliniangalia mimi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akauliza ni nani aliyenifundisha. Nikamwambia hakuna, nilitaka tu ulale uwafikie wenzake. Wale wanaume walicheka. Yeye hakucheka. Alisimama kwa kuegemea fimbo yake, akayarudisha yale masuke mawili machanga mkononi mwa Mama kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

"Mama Zuhura," akasema, "mpunga wako uache. Zamu yenu ya kuamia ni baada ya yangu."

Labda alilisema jina lile kwa sababu tu Zuhura alikuwa mbele yake, mchafu, pua imeziba kwa kulia. Sijali. Yule mwenye mundu alipoaga alisema Mama Zuhura. Mama Rehema, habari zilipomfikia, alikuja mbio kuangalia, naye akasema Mama Zuhura. Kufikia mavuno bonde zima lilikuwa limerudi kwenye jina lake, na kule juu Newala likatufuata. Mgongo wangu ukapumzika.

Kuhusu kaniki, Mama aliing'oa kwenye miti, akaitazama. Ilikuwa na ukungu, imetoboka pembeni, inanuka. Nilijikunja kusubiri kofi. Aliikunja mara nne, na kesho yake alimpelekea Mama Rehema bakuli la ming'oko ya kuchemsha na chumvi nyingi juu, bila kueleza kwa nini. Mama Rehema alikula na kushukuru, na mpaka leo hajui kwamba aliwahi kuwa mwizi.

Ule mpunga wetu ulitoka wiki ile ile na wa wenzetu, wa wote, kama Bibi alivyosema. Sitawadanganya kwamba tulivuna sana. Mpunga uliochelewa ulikuwa na muda mchache wa kunenepa, magunia yalikuwa machache kuliko mwaka wowote, na kabla ya mvua mpya tulikuwa tumerudi kwenye muhogo. Lakini ndege walipokuja walitukuta wote, na shamba lilibaki la Mama. Yale mashina matano Bibi hakuruhusu yaliwe. Yaliingia kwenye mtungi wa mbegu, na punje zake zimekuwa zikirudi ardhini kila mwaka tangu hapo. Bibi ameshatutoka. Salumu ndiye anayelima majaruba yale sasa, kwa ruhusa yangu, na huwa namkumbusha neno ruhusa mara kwa mara kwa faida yake.

Nilipofika sekondari mwalimu wa biolojia alitueleza kwamba kuna mimea inayopima urefu wa usiku, na kwamba mpunga wa kienyeji ni mmoja wao, hautoi ua mpaka giza liwe refu vya kutosha, na ukiufunika mchana unaweza kuudanganya. Nilinyoosha mkono nikasimulia kaniki. Darasa lilicheka, ila mwalimu aliniambia nisimulie tena, polepole, na safari hii akaandika. Nilitembea kurudi bwenini nikiwa mrefu kuliko mlingoti wa bendera.

Basi ndiyo hayo niliyokuwa nayo kichwani Salumu akiwa bado kwenye simu. Nilimwambia shida yake ni taa. Mpunga unaozunguka ile nguzo haujaona usiku tangu aiwashe, kwa hiyo bado unangoja. Hakuniamini. Alisema taa na mpunga ni wapi na wapi, akasema mimi nishone nguo niwaachie wakulima kilimo, akauliza kama namfahamu mganga yeyote wa kuaminika upande wa Tandahimba.

Mama anaishi na mimi siku hizi. Macho yamepungua nguvu lakini masikio ni yale yale, na alikuwa amekaa mlangoni mwa duka anapeta mchele. Aliweka ungo chini, akanyoosha mkono nimpe simu. Nilimpa. Aliishika mbali kidogo na sikio, kama anavyoishika siku zote.

"Salumu," akasema, "ni mimi, Mama Zuhura. Zima hiyo taa, mwanangu. Uache ulale."